Transista Moja, Maeneo Manne

Tarehe 10 Mei 1954, katika mkutano wa wahandisi mjini Dayton, Ohio, nchini Marekani, Gordon Teal wa kampuni ya Texas Instruments alisimama mbele ya wenzake akiwa na gramafoni. Wazungumzaji waliomtangulia walikuwa wamesema kwamba transista ya silikoni bado iko mbali, pengine miaka kadhaa mbele. Teal akawaambia anazo tayari, tena anazo mfukoni. Gramafoni ikaanza kupiga muziki. Kikuza sauti chake kiliendeshwa na transista ya jerimaniamu, aina iliyotumiwa na kila mtu siku zile. Transista ile ikatumbukizwa kwenye mafuta ya moto, na muziki ukakatika. Ikawekwa ya silikoni mahali pake, ikazamishwa kwenye mafuta yale yale, na muziki ukaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Mafuta yalifanya nini? Joto liliongeza mkondo unaovuja ndani ya jerimaniamu hata transista ikashindwa kubaki mahali mbunifu alipoiweka. Ilisukumwa nje ya eneo lake la kazi. Ya silikoni, ambayo huvuja kidogo sana, ilibaki palepale.

Eneo la kazi ndilo jambo la kwanza mtu anapaswa kulielewa kuhusu transista, na ndilo linalorukwa mara nyingi zaidi. Wanafunzi hufundishwa kwamba transista ni swichi, kisha wiki inayofuata wanaambiwa ni kikuza sauti, na wengi humaliza kozi wakidhani ni vifaa viwili tofauti. Kifaa ni kimoja. Volteji mbili tu ndizo zinazoamua kama kitafunga, kitakuza, kitashiba au kitafanya kazi kinyumenyume. Anayezijua volteji hizo anaweza kueleza kwa nini saketi inachemka, kwa nini rilei inagoma, kwa nini redio inakwaruza betri zikichoka, na kwa nini kompyuta za zamani zilihitaji kupozwa kama jokofu.

Tabaka tatu, makutano mawili

Transista ya bipola ina tabaka tatu na miguu mitatu: emita, besi na kolekta. Katika aina ya NPN, emita na kolekta ni silikoni iliyotiwa chembe za kuipa elektroni za ziada, kwa mfano fosforasi. Besi iliyo katikati imetiwa chembe za kuipa upungufu wa elektroni, kwa mfano boroni, na mapengo hayo ya upungufu husafiri kama chaji chanya. Aina ya PNP ni hiyo hiyo ikiwa imegeuzwa, pamoja na volteji zake.

Aliyebuni muundo huu ni William Shockley, Januari 1948, katika Maabara ya Bell. Mwezi mmoja kabla, Desemba 1947, wenzake John Bardeen na Walter Brattain walikuwa wameonyesha transista ya kwanza ya ncha za dhahabu zilizogusishwa kwenye jerimaniamu, maabara ikiwa Murray Hill, New Jersey. Transista ya Shockley ilitengenezwa mwaka 1950 na kutangazwa Julai 1951. Mwaka 1956 wote watatu walipewa Tuzo ya Nobel ya fizikia.

Siri za muundo wenyewe ni mbili. Kwanza, besi ni nyembamba mno. Katika transista nyingi za sasa haifiki sehemu moja ya elfu ya milimita. Pili, emita imetiwa chembe nyingi sana kuliko besi. Makutano ya besi na emita yakifunguliwa kwa volti kama 0.65, elektroni humiminika kutoka emita kuingia besi. Kwa kuwa besi ni nyembamba, nyingi huvuka kabla hazijapata pengo la kuingia, na zikifika upande wa pili, umeme wa makutano ya kolekta unazikokota mara moja. Mkondo mdogo wa besi unalipia tu yale mapengo machache yanayovukia upande wa emita na zile elektroni chache zinazopotea njiani. Ndiyo maana miliampea moja ya besi inaweza kuongoza miliampea mia mbili za kolekta.

Makutano ni mawili: ya besi na emita, na ya besi na kolekta. Kila moja linaweza kuwa limefunguliwa au limefungwa. Mbili mara mbili ni nne, na hapo ndipo maeneo manne yanapopatikana. Yote mawili yakifungwa, transista iko katika eneo la mkato. La emita likifunguliwa na la kolekta likafungwa, iko katika eneo la ukuzaji. Yote mawili yakifunguliwa, imeingia eneo la mshibo. La kolekta likifunguliwa na la emita likafungwa, inafanya kazi kinyume. Mwaka 1954 J. J. Ebers na John Moll walionyesha kwamba maeneo yote manne yanaelezwa na milinganyo ile ile. Maumbile hayana ukuta kati ya eneo na eneo. Transista hupita kutoka moja hadi jingine polepole au haraka, kadiri volteji zinavyobadilika.

Volti 9 na rezista moja

Tuyaone maeneo matatu ya kwanza kwa hesabu ya saketi ndogo kabisa. Chukua BC547, transista nyeusi ya plastiki inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya elektroniki. Unganisha emita kwenye hasi ya betri ya volti 9. Kati ya kolekta na chanya weka rezista ya kiloohmu 1. Tuseme transista hii inakuza mkondo mara 200.

Besi ikiachwa bila mkondo, ikafungwa kwenye hasi, hakuna kinachopita. Kolekta inasoma volti 9 kamili, kwa sababu rezista haipitishi kitu na hivyo haipunguzi kitu. Huo ndio mkato. Kwa kweli kiasi kidogo kinavuja: karatasi ya vipimo ya BC547 inaruhusu nanoampea 15 tu kutoka kolekta hadi besi, kwa volti 30, katika joto la kawaida la chumbani. Jerimaniamu ya enzi ya Teal ilivuja maelfu ya mara zaidi, na uvujaji wa namna hii hukua karibu maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10 za Selsiasi.

Sasa ipe besi miliampea 0.02. Kolekta inavuta mara 200 ya hiyo, yaani miliampea 4. Rezista inakula volti 4, na kolekta inabaki na volti 5. Ongeza besi hadi 0.03, kolekta inavuta miliampea 6 na volteji yake inashuka hadi 3. Kila unachofanya kwenye besi kinaonekana kwenye kolekta kikiwa kimekuzwa. Hili ndilo eneo la ukuzaji, ambamo vikuza sauti na vipokezi vya redio hufanya kazi.

Endelea hadi miliampea 0.1. Hesabu ya mara 200 inadai miliampea 20, lakini betri ya volti 9 haiwezi kusukuma zaidi ya miliampea 9 katika kiloohmu 1. Kolekta inashuka hadi karibu volti 0.1 au 0.2 na kusimama hapo. Makutano ya kolekta nayo yamefunguka. Ukiongeza mkondo wa besi, hakuna kinachobadilika upande wa kolekta. Mkondo sasa unaamuliwa na betri na rezista. Transista imeshiba. Ukitaka swichi iliyowashwa, hapa ndipo unapotaka iwe.

Zidisha volteji ya kolekta kwa mkondo upate joto linalozalishwa ndani ya transista. Katika mkato ni sifuri, kwa sababu hakuna mkondo. Katika mshibo ni chini ya miliwati 2, kwa sababu hakuna volteji. Katikati ya eneo la ukuzaji, kolekta ikiwa na volti 4.5 na miliampea 4.5, ni miliwati 20. Miliwati 20 hazichomi BC547, lakini kanuni ni ile ile kwa transista kubwa. Chukua 2N3055, ile yenye kasha la chuma linalofungwa kwa skrubu mbili, ikiendesha mzigo wa ampea 4 kwa volti 12. Ikiachwa katikati, inageuza wati 12 kuwa joto. Ikishibishwa kwa ampea 0.4 za besi, mtengenezaji anaahidi kolekta isizidi volti 1.1 katika ampea 4, yaani joto lisizidi wati 4.4, na kwa kawaida ni chini ya hapo. Transista nyingi zilizotumika kama swichi huungua kwa sababu hazikuwashwa vya kutosha. Zilibaki katikati, mahali pa kukuzia, zikibeba volteji na mkondo kwa wakati mmoja.

Rilei inayogoma

Tuseme kijana anatengeneza kifaa cha kuwasha pampu ya kumwagilia bustani. Kidhibiti chake kidogo kinatoa volti 5. Rilei, yaani swichi inayovutwa na koili, ni ya volti 12, na koili hiyo ina ohmu 400, hivyo inahitaji miliampea 30. Anatumia BC547, na kwenye besi anaweka rezista ya kiloohmu 47 aliyoikuta mezani. Anafanya hesabu: volti 5 toa 0.7 ni 4.3, gawa kwa kiloohmu 47, unapata miliampea 0.09. Transista aliyo nayo ina herufi C mwishoni, na kundi C hukuza kati ya mara 420 na 800. Hata kwa mara 420 anapata zaidi ya miliampea 30 anazozihitaji. Rilei inalia “ta!” Pampu inawaka. Anafurahi na kuagiza vifaa vya kutengeneza vingine kumi.

Dukani safari hii wanampa BC547 ya kundi B. Jina la mbele ni lile lile, umbo lile lile, bei ile ile. Kundi B huanzia mara 200. Sasa miliampea 0.09 za besi zinaleta miliampea 18 tu. Koili inapata kama volti 7, na rilei nyingi za volti 12 hazivuti hadi zipate karibu 9. Pampu haiwaki. Ukipima kati ya kolekta na emita unakuta volti 4.7. Volteji hiyo inasema kila kitu: transista haijashiba. Si mbovu, na kuibadilisha kwa nyingine ya aina hiyo hiyo ni kucheza bahati nasibu.

Tiba ni rezista. Weka kiloohmu 1.5 mahali pa 47. Mkondo wa besi unapanda hadi karibu miliampea 3, sehemu ya kumi ya mkondo wa koili. Sasa hata transista dhaifu ya kundi A, inayokuza mara 110, inapewa mara kumi ya inachohitaji. Itashiba tu. Watengenezaji wenyewe hupima volteji ya mshibo kwa uwiano wa namna hii, mkondo wa besi ukiwa sehemu ya kumi au ya ishirini ya mkondo wa kolekta, hata kama transista inajivunia kukuza mara mia kadhaa. Anayetengeneza swichi asiutegemee ukuzaji, aishibishe transista.

Kuna jambo jingine katika saketi hii. Rilei inapozimwa, transista inaruka kutoka mshibo hadi mkato, na koili haikubali mkondo wake kukatwa ghafla. Inapandisha volteji ya kolekta mpaka mkondo upate pa kupita. BC547 inavumilia volti 45 kati ya kolekta na emita. Ndiyo sababu diodi huwekwa sambamba na koili, ikitazama kinyume na mkondo wa kawaida, ili mkondo huo uzunguke humo hadi uishe. Kuiacha diodi hiyo ni kuikabidhi transista kwa eneo la tano, la kuvunjika, ambalo halina kazi katika saketi hii.

Gharama ya kushiba

Mshibo una bei yake, nayo hulipwa kwa muda. Katika eneo la ukuzaji, besi ina elektroni zinazopita tu, kwa sababu kolekta inazivuta kila zinapofika. Katika mshibo, kolekta haivuti tena kwa nguvu, na elektroni zinarundikana ndani ya besi na pembezoni mwa kolekta. Ukikata mkondo wa besi, transista haizimi papo hapo. Ni kama ukumbi wa harusi uliojaa: mlinzi hawezi kufunga milango mpaka watu watoke. Kolekta huendelea kupitisha mkondo mpaka rundo lile liishe.

Karatasi ya vipimo ya 2N2222A inaonyesha jambo hili kwa namba. Kwa mkondo wa miliampea 150, kuanza kuwaka huchukua nanosekunde 10 na kupanda nanosekunde 25. Kuzima kunangoja hadi nanosekunde 225 kabla mkondo haujaanza kushuka, kisha 60 za kushuka kwenyewe. Kwa rilei ya pampu hilo si kitu. Kwa kompyuta ilikuwa kikwazo kikubwa.

Wahandisi walikikabili kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuizuia transista inapofika ukingoni mwa mshibo. Mwaka 1956 Richard Baker wa maabara ya Lincoln, MIT, alieleza namna ya kutumia diodi kuuondoa mkondo wa ziada wa besi pale kolekta inapokaribia mshibo. Baadaye ikatumika diodi ya Schottky, inayofunguka kwa volteji ndogo kuliko makutano ya silikoni. Ikiunganishwa kati ya besi na kolekta, inaubeba mkondo wa ziada kabla makutano ya kolekta hayajafunguka. Texas Instruments waliijenga ndani ya chipu zao za mantiki, na herufi S katika majina kama 74S na 74LS inatokana na diodi hiyo.

Njia ya pili ilikuwa kutoingia mshiboni hata kidogo. Mwaka huo huo wa 1956, Hannon Yourke wa IBM alibuni mantiki ambamo transista mbili zinapokezana mkondo mmoja usiobadilika, zote zikibaki nje ya mshibo. Kasi ilikuwa kubwa, na matokeo yake yalionekana kwenye Cray-1, kompyuta iliyopelekwa Los Alamos mwaka 1976 na iliyotumia mantiki ya ukoo huo. Lakini transista isiyoshiba wala kukatika hubeba volteji na mkondo wakati wote. Cray-1 ilikula kama kilowati 115, na joto lote hilo liliondolewa kwa mabomba ya kipoozi cha freoni yaliyopita katika nguzo zake. Kasi na joto vilitoka mahali pamoja: eneo ambalo wabunifu waliamua transista zikae.

Redio na betri zake

Redio ya kwanza ya mkononi yenye transista, Regency TR-1, iliingia sokoni Marekani mwishoni mwa 1954 kwa dola 49.95. Ilikuwa na transista nne, na moja tu ndiyo iliyosukuma spika. Transista moja ikibeba wimbi zima la sauti lazima ikae katikati ya eneo la ukuzaji, ili iwe na nafasi ya kupanda na kushuka. Huo ni mpangilio wa daraja A. Unatoa sauti safi, lakini unakula mkondo ule ule mtangazaji akizungumza au akinyamaza. Hata pamoja na transfoma, hauwezi kugeuza zaidi ya asilimia 50 ya nishati ya betri kuwa sauti.

Redio za betri zilizofuata zilikuja na transista mbili za kutokea. Moja inashughulikia nusu ya juu ya wimbi, nyingine nusu ya chini, na kila moja inakaa ukingoni mwa mkato wakati wa kimya. Ufanisi wa juu kabisa unapanda hadi asilimia 78.5, na la muhimu zaidi, redio ikinyamaza karibu haili kitu. Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa mahali ambapo betri ndiyo umeme pekee uliokuwapo.

Tanzania ilikuwa mahali pa namna hiyo. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya ilikusanya takriban watu milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili usafi wa maji, vyoo na kinga ya magonjwa. Vijiji vingi havikuwa na umeme, na redio zilizowakusanya watu zilikuwa za betri. Tunapoandika historia ya kampeni ile tunataja walimu, vipindi na vitabu, kama inavyostahili. Naamini uamuzi wa wabunifu wa kuziweka transista za mwisho ukingoni mwa mkato unastahili sentensi yake humo, kwa sababu uliwawezesha watu kusikiliza kipindi baada ya kipindi kwa betri zile zile.

Ukingo huo ni mwembamba. Ukiweka transista ndani ya mkato kabisa, kila moja inasubiri hadi wimbi lifike karibu volti 0.6 ndipo ianze kupitisha, au kama 0.2 kwa jerimaniamu. Pale wimbi linapovuka sifuri, hakuna inayofanya kazi, na sauti inapata mkwaruzo unaosikika hasa redio ikiwa chini. Kwa hiyo wabunifu huzipa besi zote mbili volteji ndogo ya kudumu, ya kuzifanya zipitishe miliampea chache tu hata wakati wa kimya. Betri zinapoisha, volteji hiyo nayo hushuka na transista zinateleza kurudi mkatoni. Ndipo mtangazaji anapoanza kusikika kama ana mafua. Wengi hudhani spika imechanika, kumbe transista zimehama eneo.

Kazi ya kinyumenyume

Eneo la nne hupuuzwa vitabuni, kwa sababu nzuri. Kolekta ikifanywa emita na emita ikafanywa kolekta, transista bado inafanya kazi, lakini vibaya. Kolekta haikutiwa chembe nyingi, hivyo haimimini elektroni kwa wingi, na ukuzaji hushuka hadi mara chache tu, wakati mwingine chini ya moja. Tena makutano ya emita hayavumilii volteji kubwa ya kinyume: kwa BC547 kikomo ni volti 6. Fundi aliyeigeuza transista kwa bahati mbaya ataiona ikifanya kazi kwa unyonge, na akitumia volti 12 anaweza kuiharibu taratibu.

Hata hivyo, wabunifu wameipa hali hii kazi. Katika chipu za familia ya 7400 zilizoanza miaka ya 1960, transista ya kuingilia huenda kinyume kila mlango wake unapokuwa juu, na mkondo unapitia kolekta kwenda kuiwasha transista inayofuata. Hapo ukuzaji mdogo ni faida, kwa kuwa mlango haupaswi kuvuta mkondo mwingi. Kikomo cha kawaida ni mikroampea 40.

Mfano mwingine uko ndani ya redio kaseti na vikuza sauti vya nyumbani. Ili spika zisipige kishindo redio inapowashwa, transista huunganisha waya wa sauti na hasi kwa muda mfupi. Sauti hupanda juu na kushuka chini ya sifuri, hivyo transista hiyo lazima ipitishe mkondo pande zote mbili. Toshiba walitengeneza 2SC2878 kwa kazi hiyo hasa: inakuza kama mara 150 hata ikigeuzwa, na emita yake inavumilia volti 25. Fundi akiibadilisha kwa transista yoyote ya NPN aliyo nayo, sauti inaweza kuharibika, naye asijue kwa nini, maana kwenye mita transista zote mbili zinaonekana nzima.

Joto, adui na mfanyakazi

Katika eneo la ukuzaji, volteji ya besi ina nguvu ya ajabu. Katika joto la kawaida, kila milivolti 60 za ziada huongeza mkondo wa kolekta mara kumi. Na transista ikipata joto, inahitaji volteji ndogo zaidi kwa mkondo ule ule, karibu milivolti 2 pungufu kwa kila nyuzi moja. Ukiifunga besi kwenye volteji isiyobadilika kisha ukaiacha saketi juani ipande nyuzi 20, ni sawa na kuiongezea milivolti 40, na mkondo unapanda zaidi ya mara nne. Mkondo ukipanda, joto linapanda, na joto likipanda, mkondo unapanda tena. Transista za kutokea katika vikuza sauti vikubwa zimeteketea hivyo.

Kinga ya kawaida ni rezista ndogo kwenye mguu wa emita. Mkondo ukiongezeka, volteji ya emita inapanda nayo, na ile inayobaki kati ya besi na emita inapungua yenyewe. Rezista hiyo ya bei ndogo hutuliza mambo mawili kwa pamoja: joto, na tofauti kati ya transista moja na nyingine. Kikuza kilichopangwa vizuri hufanya kazi sawasawa, iwe transista inakuza mara 150 au 400.

Kuyumba huku kwa joto kukageuzwa kuwa kipimo. Transista mbili zinazofanana, moja ikibebeshwa mkondo mara kumi ya nyingine, hutofautiana volteji za besi kwa kama milivolti 60 katika joto la chumbani, na tofauti hiyo hukua sambamba na halijoto. Vipimajoto kama LM35, chenye kutoa milivolti 10 kwa kila nyuzi ya Selsiasi, hutegemea tabia hii ya transista. Chipu nyingi za kompyuta pia zina transista ya bipola ndani yake, isiyokokotoa chochote, kazi yake ikiwa kutoa taarifa ya joto.

Vipimo viwili

Kwa fundi na mwanafunzi, haya yote yanakuja mkononi kwa mita ya kawaida, saketi ikiwa imewashwa. Kwa transista ya NPN ya silikoni, weka waya mweusi kwenye emita na usome mara mbili: besi kwanza, kisha kolekta. Besi ikiwa chini ya volti 0.5 na kolekta ikisoma karibu volteji yote ya chanzo, ni mkato. Besi ikiwa kati ya 0.6 na 0.7 na kolekta ikiwa juu yake kwa volti kadhaa, ni ukuzaji. Besi ikiwa 0.7 au zaidi kidogo na kolekta ikiwa karibu 0.2, ni mshibo. Besi ikisoma volti 2 au 3 juu ya emita, makutano yamekatika na transista imekufa. Kolekta ikisoma sifuri kamili ilhali besi nayo ni sifuri, angalia kama kolekta na emita zimeungana ndani, au kama chanzo chenyewe kimefika.

Kisha jiulize mbunifu alitaka iwe wapi. Swichi iliyokutwa na volti 4 kwenye kolekta ina njaa ya mkondo wa besi. Kikuza kilichokutwa na volti 0.2 kimezidishiwa, pengine rezista ya besi imepungua thamani au kapasita inavuja. Ukijua transista iko eneo gani na ilipaswa kuwa eneo gani, umeshajua kosa liko upande gani wa saketi. Mara nyingi haliko ndani ya transista, liko katika rezista au kapasita ya bei ndogo iliyo kando yake.

Natamani vyuo vyetu vya ufundi vianzie hapa: vipimo viwili na maeneo manne, kabla ya milinganyo na kabla ya kumfundisha mtu kung'oa na kubadilisha. Kijana aliyefunzwa hivyo hatabahatisha dukani, wala hatamtoza mteja transista tatu kwa kosa la rezista moja. Ataweza pia kubuni saketi yake mwenyewe na kujua, kabla hajaiwasha, kila transista itasimama wapi na itapata joto kiasi gani.